Mtoto ajue kwanza "karibu", kanuni ya tano ifuate

Mpwa wangu yuko mwaka wa nne wa shule ya msingi hapa Goma. Jumatatu moja alirudi nyumbani na daftari lililojaa wino mwekundu. Zoezi lilikuwa la kukadiria namba katika mamia yaliyo karibu, na moja ya namba hizo ilikuwa 3,446. Yeye aliandika 3,500. Nilimwuliza amefikaje huko, akanieleza bila kusita: sita inazidi tano, kwa hiyo nne inayoifuata inakuwa tano, sasa ile nayo ni tano, kwa hiyo nne ya mbele yake inakuwa tano vilevile. 3,446, kisha 3,450, kisha 3,500. Alikuwa ameitii kanuni mara mbili, na mara zote mbili ameitii vizuri. Ndiyo sababu alilia. Hakuona alipokosea, na daftarini hapakuwa na neno hata moja la kumwonyesha.

Nilichukua chaki nikachora mstari sakafuni. Huku 3,400, kule 3,500. Nikamwambia: wewe umesimama hapa kwenye 3,446, mvua inakuja, nyumba ya karibu ni ipi? Akahesabu. Kurudi nyuma ni hatua 46, kwenda mbele ni 54. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tonton, ni 3,400. Kumbe nilikuwa nakwenda mbali."

Maneno hayo yamenikaa kichwani tangu siku ile. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amefundishwa kukadiria namba bila kuambiwa kwamba swali lote ni la umbali.

Kanuni yenyewe mnaijua. Tazama tarakimu iliyo kulia kwa nafasi unayoitaka. Ikiwa 0, 1, 2, 3 au 4, iache nafasi kama ilivyo. Ikiwa 5 hadi 9, ongeza moja. Zilizobaki upande wa kulia zigeuze sifuri. Ni kanuni sahihi na inasemeka kwa pumzi moja, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Kwa kuwa ni fupi, inatangulia. Kwa kuwa inaleta majibu sahihi kwenye mazoezi mengi, inabaki peke yake. Mtoto anaishika kama wimbo, na siku akiisahau nusu, au akiianzisha upande usio wake kama mpwa wangu aliyeanzia kwenye mamoja, hana chochote cha kumwambia kwamba amepotea. Aliyezoea kujiuliza "jirani wangu wa karibu ni nani?" angeshtuka mwenyewe kabla ya mwalimu kufungua kalamu nyekundu.

Simlaumu mwalimu wake. Tangu elimu ya msingi ya serikali iwe bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na mtu mwenye watoto wengi kuliko madawati hutafuta kitu kinachoweza kuimbwa na wote kwa pamoja. Lakini somo hili linahitaji dakika kumi za kutembea kabla ya dakika moja ya kuimba.

Sehemu ya tatizo iko kwenye majina. Kwa Kifaransa somo linaitwa "arrondir", kufanya kitu kiwe cha mviringo, na watoto wetu wanasema "kuarondir" kana kwamba ni neno la bibi yao. Mviringo haumwambii mtoto chochote kuhusu 3,446. Vitabu vya Tanzania vinasema kukadiria, na neno hilo mtoto wa Goma analijua kwa kazi nyingine: fundi anakadiria mbao za kuezekea, mama anakadiria unga wa bugali wageni wakibisha hodi ghafla. Huko ni kukisia, na watu wawili wakikisia vitu viwili tofauti hakuna aliyekosa. Kukadiria kwa darasani kuna jibu moja tu. Mtoto anayesikia neno lilelile kwa mambo mawili anaanza kudhani kwamba hata hapa jibu lolote la karibukaribu litapita.

Na bado neno tunalolihitaji liko mdomoni mwetu tangu asubuhi hadi jioni. Karibu. Kukaribia. Ukaribu. Hata Kifaransa kinalo ndani ya agizo lake, "à la dizaine près": hilo "près" la mwishoni ndiyo karibu yetu, ila mtoto analikariri kama mkia wa sentensi. Mimi ningemwuliza hivi: 26 inakaribia makumi gani? Atajibu hata kabla hajajua kuandika agizo hilo kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, kwa hiyo hakuna anayevunja chochote kwa kuuliza swali hilo kwa Kiswahili.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo nalipenda sana, na nasikitika kuona baadhi ya watu wakilionea haya. Kiswahili cha huku kwetu kinahesabu "makumi mbili, makumi tatu, makumi ine". Wasomi wa Kiswahili sanifu hutusahihisha: sema ishirini, thelathini, arobaini. Ni maneno mazuri, yalitoka Uarabuni na yameshakuwa yetu, na mtoto ayajue. Lakini kwa somo hili, "makumi saba na nane" ni hazina. Mtoto anasikia kwa sikio lake kwamba nyuma anakotoka kuna makumi saba, mbele anakokwenda kuna makumi nane, na ile nane ya mwisho ni hatua alizokwisha kupiga. "Sabini" bado ina saba kwa mbali, lakini "themanini" inamficha ile nane. Kifaransa tulichoachiwa na Wabelgiji kinamsaidia kidogo, maana "septante" ina "sept" ndani yake, na "nonante" inabeba tisa. Mtoto wa Ufaransa ana shida zaidi yetu: kwake 78 inatamkwa kama sitini na kumi na nane, na anayetafuta makumi ya jirani kwa sikio ataokota 60. Kwenye "quatre-vingts" sote tunaumia pamoja, kwa sababu hiyo ni ishirini nne, na kumi haimo kabisa. Mwalimu anayeanza na makumi ya Kiswahili cha mtaani kisha akavuka kwenda Kifaransa ana daraja ambalo wenzake wa Paris hawana.

Sasa kamba. Sijui kifaa bora kuliko kamba, na haigharimu zaidi ya kuomba mtu aliyefungia mzigo. Watoto wawili wanaishika ncha, mmoja ana karatasi ya 40, mwingine ya 50. Mafundo tisa katikati. Mtoto wa tatu anapewa 43, anatafuta fundo lake, anasimama hapo, na darasa zima linaona. Hakuna haja ya kumwambia lolote kuhusu tarakimu ndogo na kubwa. Anaona kwa macho kwamba 40 iko mlangoni na 50 iko mbali. Uwanja wa shule ukiwa wa mawe meusi ya volkano, kama viwanja vingi vya hapa, panga mawe kumi na moja na kazi ni ileile. Baadaye badilisha karatasi tu: ncha ziwe 400 na 500, kisha 4,000 na 5,000, na kila fundo sasa liwe la kumi, kisha la mia. Mtoto anagundua kwamba kamba ni moja, kilichobadilika ni urefu wa hatua. Hapo ndipo thamani ya nafasi, ambayo tunaifundisha kwa jedwali la mamoja, makumi, mamia na maelfu, inapopata miguu.

Ugumu unaanzia kwenye fundo la kati. 45 iko hatua tano kutoka 40 na hatua tano kutoka 50. Ukaribu hauamui kitu. Walimu wengi hupita hapa haraka kwa kusema "tano ni kubwa, kwa hiyo panda", na hilo si kweli; tano iko katikati kabisa. Ukweli ni kwamba watu walikubaliana, na mtoto anastahili kuambiwa hivyo. Makubaliano mengine yapo. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, ambacho kompyuta nyingi hukifuata katika hesabu za namba zenye nukta, kinapokutana na nusu kamili huipeleka kwenye tarakimu shufwa: kwa mtindo huo 45 ingekwenda 40, na 55 ingekwenda 60, ili kupanda na kushuka kufidiane zinapojumlishwa namba nyingi. Hilo silipeleki darasa la nne. Nataka tu mwalimu alijue, asije akamwambia mtoto kwamba 45 iko karibu na 50 kuliko 40, maana mtoto mwenye kamba mkononi ataona anadanganywa.

Kwa watoto wa hapa mimi hutumia chukudu, ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo. Kila mmoja wao amewaona vijana wakisukuma chukudu yenye viazi au makaa kupanda kilima, na wameona sanamu yake kwenye mzunguko wa barabara. Ukiwa kwenye 1, 2, 3, 4 bado unapanda, na ukiachia mikono chukudu inarudi ilikotoka. Ukipita 5 unateremka upande wa pili. Ukiwa juu kabisa kileleni, na mzigo wote ule, je, utageuza urudi? Watoto hucheka na kusema hapana, tumeshahangaika kupanda, twende mbele. Hiyo ndiyo sababu wanayoikumbuka, na inakiri kwamba kileleni kulikuwa na chaguo.

Namba zenye tisa zinawatisha bure. Mpe mtoto 2,996 aikadirie katika makumi, na aliyekariri kanuni ataandika 29,100 au kitu kinachofanana nacho, kwa sababu tisa akiongeza moja anapata kumi na hajui aiweke wapi. Kwenye kamba ncha ni 2,990 na 3,000, na mtoto amesimama hatua nne tu kutoka 3,000. Limekwisha.

Nataka kukaa zaidi kwenye soko, kwa sababu mtoto wa Goma anakuja shuleni akiwa ameshakadiria namba mamia ya mara, kwa mtindo ambao shule haiutambui. Unamtuma sokoni Birere anunue fungu la sambaza la franka 1,300. Ana noti tatu za 500. Mama muuzaji anatazama ndani ya kitambaa chake, anasema, "Mtoto, sina ya kurudisha," anamwongezea samaki wachache, na 1,300 imekuwa 1,500. Franka ya Kongo ilipoanza mwaka 1998 ilikuwa na noti hadi za santimu. Mtoto wa leo hajawahi kuziona, na noti ya 50 ameiona ikiwa imechanika. Tangu mabenki ya mji yafunge milango mwanzoni mwa 2025, noti ndogo zimezidi kuchakaa na kuadimika, na bei zinasogea kwenda kwenye noti iliyopo. Ni kukadiria kabisa, ila kunafuata noti. Kunapanda kwenda kwenye mia tano inayofuata hata pale ile ya nyuma ingekuwa karibu zaidi.

Mtoto huyo akiandika darasani kwamba 1,100 inakwenda 1,500, tumwulize kwanza kabla ya kumchora nyekundu. Huenda anasema kweli ya sokoni. Tumwambie: pale ulipandisha hadi mia tano ya mbele kwa sababu ya noti, hapa tunatafuta elfu ya karibu, na ni 1,000. Ni maswali mawili tofauti, nayo yote mawili ni hesabu halali.

Na yako mengi zaidi ya namna hiyo. Mzazi ana franka 4,700 na daftari moja ni 1,000. Kanuni ya darasani inasema 4,700 iko karibu na 5,000. Nenda dukani uombe madaftari matano uone. Hapo tunashuka, daima, hata ukiwa na 4,999. Halafu watoto 43 wanataka kuvuka ziwa kwa mashua zinazobeba kumi kumi. 43 iko karibu na 40, na mashua nne zinaacha watoto watatu ufukweni. Hapo tunapanda, hata akizidi mtoto mmoja. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024, mashua ilipozama karibu na bandari ya Kituku watu wakitazama kutoka nchi kavu, siwezi kuandika mfano huu kwa mzaha. Watoto 43 ni mashua tano. Kusema "nne zinatosha, wale watatu watabanana" ni kukadiria mahali pasipokadirika, na ningependa kila mtoto wa pwani ya Kivu ajue hivyo akiwa bado na umri wa kubebwa mgongoni.

Kwa nini basi tunafundisha kukadiria kwa ukaribu, kama maisha yanapanda na kushuka kwa sababu zake? Kwa sababu kunamlinda mtoto dhidi ya jibu la kipuuzi. Akizidisha 298 kwa 21 akapata 62,580, anayejua kwamba hiyo ni karibu 300 mara 20, yaani 6,000, atarudi kutafuta sifuri iliyoingia kwa dirisha. Jibu ni 6,258. Kwenye mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi ukaguzi huo unachukua sekunde tano, na sokoni unachukua pungufu ya hapo: vitu vya 1,900, 2,800 na 950 ni karibu 2,000, 3,000 na 1,000, noti zenye jumla ya 6,000 zinatosha, maana kila namba nimeipandisha, na jumla halisi ni 5,650.

Lakini tuwe wakweli kwa watoto: kukadiria kunapoteza kitu, na kinachopotea kinaweza kulimbikizana. Bei za 1,400, 2,300 na 1,450 zikikadiriwa kwa maelfu zinatoa 1,000, 2,000 na 1,000, jumla 4,000. Mtoto anakwenda kifua mbele na noti ya 5,000, kumbe deni ni 5,150. Zote tatu zilishuka upande mmoja. Angekadiria kwa mamia angeona mapema. Kuchagua nafasi ya kukadiria ni nusu ya somo, na mazoezi yetu hayamwachii mtoto achague. Yanamwamuru tu "kwa makumi", "kwa mamia".

Watu wazima wenye kompyuta walinaswa na jambo hilohilo. Januari 1982 soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo cha bei kilichoanzia 1,000. Kila bei ilipobadilika, programu ilihesabu upya na kuzikata tarakimu za mwisho nyuma ya nukta badala ya kuzipeleka kwenye namba ya karibu. Kilichokatwa kila mara kilikuwa chembe. Haba na haba hujaza kibaba, na Novemba 1983 kipimo kilikuwa kimeshuka hadi karibu 520, wakati hesabu sahihi ilikuwa karibu 1,100. Mfano huu nimeueleza kwa watoto wa mwaka wa sita, na walichouliza kwanza ni kwa nini hakuna aliyetazama jumla akajiuliza kama inaingia akilini.

Mwisho, kuna sifuri. Mtoto akikutana na namba inayoishia na sifuri kadhaa, ajifunze kuiuliza: wewe ulihesabiwa au ulikadiriwa? Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilikuwa mwaka 1984. Idadi yoyote ya watu wa Kongo anayoisikia redioni leo, au ya mji wake mwenyewe, imekadiriwa, na sifuri zake zinasema hivyo wazi kwa anayejua kuzisoma.

Nilimpa mpwa wangu zoezi la mwisho akitazama dirishani, kwa kuwa mlima uko palepale. Kitabu chake kinasema Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470. Nikamwambia: tuseme aliyeandika amekadiria kwa makumi, mlima wenyewe unaweza kuwa na mita ngapi? Swali la kinyumenyume namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa wimbo. Alichora kamba yake kwenye daftari, akaweka 3,460 huku, 3,480 kule, 3,470 katikati, kisha akaanza kuandika kwa kalamu ya risasi: 3,465, 3,466, 3,467. Alipofika 3,474 akasimama, akaishika kalamu hewani juu ya 3,475.

"Hii hapana," akasema. "Hii iko kileleni. Inateremkia 3,480."